Vidole Vinne

Ilifika saa nne asubuhi, kundi la wazazi wa darasa la tatu,
chini ya taarifa kwamba mchango wa uji umepanda.
Mtu nisiyemjua, namba inayoishia na sifuri mbili,
hakuandika neno.
Alituma stika, na stika ilikuwa uso wangu.

Mdomo wazi. Kilemba kimeteleza.
Kamasi ile naijua.
Walicheka thelathini na mmoja, niliwahesabu,
na mama yake Ndelilio akaongeza:
huyu dada kanivunja mbavu.

Siku ile tulikuwa Kibosho, tunamzika baba.
Kalisti, mtoto wa baba mdogo, aliinua simu juu ya vichwa vyetu
ili ndugu wa Songea na wa Maskati nao wazike.
Sikumkataza. Msiba ni wa watu.
Nilidhani kilio nacho ni cha watu wale wale,
kinaanzia kaburini, kinaishia kwenye chai ya matanga,
vikombe vikioshwa na chenyewe kimekwisha.

Kumbe kilikuwa kinasafiri.
Wameuzungushia uso mstari mweupe, kama pindo.
Jeneza halimo. Migomba haimo.
Baba kakatwa.

Mimi ni fundi cherehani, Mbuyuni,
barazani kwa muuza vyandarua. Kukata nakujua.
Ukiniletea mita tatu, gauni likala mbili na nusu,
nusu yako naikunja, naifunga uzi, nakurudishia.
Wapo wanaozificha,
Desemba wanashonea foronya, wanauza.
Bi Genoveva aliyenifunza kazi hakuwasalimia.
Kipande kina mwenyewe, alisema,
hata kikiwa cha ukubwa wa kucha.

Nikaenda kwa Emiliani wa vioo vya simu.
Akaniuliza bila kuinua macho: ulibonyeza Nakubali?
Nilibonyeza. Nani hakubonyeza?
Ilikuwa usiku, nilitaka kusikia sauti ya mwanangu,
maandishi madogo kama mayai ya chawa,
nikabonyeza kama asukumaye mlango wa choo.
Nani husoma mlango wa choo?
Lakini simu ya msibani ilikuwa ya Kalisti, nikasema.
Basi Kalisti ndiye aliyekubali, akasema,
akaendelea na kioo chake.

Jumapili Kalisti akaja, ameshika isale mkononi,
jani la mpakani, bado lina vumbi la kihamba.
Kwetu, ukiletewa isale hukatai.
Nikalipokea, nikalitia kwenye glasi ya maji, tukala.
Yeye hakukata. Hamjui aliyekata.
Aliyekata hajui kwamba kulikuwa na maiti.
Na wale wenye mtambo, waliosoma maandishi madogo kwa kuwa waliyaandika wenyewe,
wanafika kwa nani na jani?
Huku juu kila mtoto anajua masale yanapoanzia
na kwamba ndizi ya ng'ambo haichumwi.
Uso wangu niliuacha bila ua.
Sikujua ni shamba.

Wiki jana uji umepanda tena, nikaja tena.
Safari hii sikuizima simu.
Niliivuta picha kwa vidole, kama navyokagua mshono,
nikamkuta fundi mahali alipopitiwa:
begani, upande wa kushoto,
vidole vinne.

Vya shangazi Veneranda. Pete yake ile ya shaba.
Alinishika nisianguke.
Mkono wameukata, shangazi wamemkata,
lakini vidole vimebaki, na kila simu niliyotumwa,
kwa watu wanaocheka bei ya uji,
bado vimenikamata, havijaniachia.